Kanga za Kwaresima

Mlabani, Ifakara
Jumatano jioni, wiki ya nne ya Kwaresima

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Na shikamoo ya Mama Mkubwa mpe sasa hivi kabla hujaendelea kusoma, maana najua ukishaanza utasahau. Nyonga yake inaendeleaje? Tumesikia ameanza kusimama kwa fimbo, na kwamba fimbo hiyohiyo anawafukuzia kuku wa jirani. Tumefurahi sana, maana mtu akianza kugombana na kuku huyo amepona. Na wewe mwenyewe, baridi ya Mahenge imekiachia kifua chako? Lile sweta ulilolisahau hapa Baba analivaa kila asubuhi. Anasema analitunza.

Huku sisi ni wazima. Baba mzima, mbuzi wako mzima na ameshakula nusu ya mchicha, mvua zinanyesha na mpunga umesimama vizuri. Watu huandika kwenye barua kwamba wao ni wazima, hofu na mashaka ni juu ya yule anayeandikiwa. Mimi safari hii ni mzima, lakini hofu na mashaka ni juu yangu mwenyewe, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Najua utashangaa kwa nini barua wakati simu ipo. Mama, kwenye simu huwa sifiki mbali. Nikisema shikamoo unasema marahaba, umekula nini. Nikikutajia nilichokula unauliza mboga iko wapi. Salio linaisha tuko kwenye matembele. Karatasi haimkatizi mtu. Halafu Mama Stanislaus, makamu wako, amenipa mpaka Ijumaa niwe nimekueleza mwenyewe, la sivyo atakupigia yeye, na unajua jambo likipita mdomoni mwa Mama Stanislaus linavyonenepa. Kwa hiyo barua hii inapanda kosta ya kesho asubuhi pamoja na furushi la kambale wakavu wa Kivukoni. Soma kwanza, kambale baadaye. Au kula kwanza, pengine ndiyo salama.

Siku ile unaondoka uliniachia mambo mawili. La kwanza ni Kamati ya Staha ya kigango chetu, uliyoianzisha na kuiongoza kwa mkono wako, pamoja na kikapu chake cha kanga. Nisimame nacho mlangoni pa kanisa badala yako, na kila binti atakayekuja na suruali ya kubana au gauni fupi nimfunge kanga kiunoni kabla hajaingia. La pili ni ile kazi yangu mpya ya kuwazungukia wakulima wa mbegu za mpunga kwa pikipiki. Ulisema niifanye, lakini kwa sketi, kwa sababu suruali ni ya baba yangu na ya askari. Ukasema ukirudi unataka kuikuta kamati kama ulivyoiacha na mwanao kama ulivyomwacha. Niliitikia ndiyo mara mbili. Mama, yote mawili yameharibika. Nitayasema yote, lakini niruhusu nianze na lile ambalo si kosa langu.

Nianze na kanga. Unakumbuka ulivyotaka kikapu kifanane na majira ya Kanisa, kwamba Kwaresima ni zambarau na kanga ziwe zambarau. Mlikwenda na Mama Stanislaus dukani kwa Bibi Mwanamkasi, akawatolea doti sita za zambarau zilizokuwa zimekaa rafuni tangu mwaka juzi. Ulitazama rangi, ukakikunja kitambaa kuona kama kizito, ukaomba upunguziwe, ukapunguziwa haraka kuliko kawaida. Hapo ndipo ungeshtuka. Miwani yako ilikuwa nyumbani juu ya redio. Mama Stanislaus naye anasema alidhani wewe umesoma. Hakuna aliyesoma maandishi.

Jumapili ya kwanza ya Kwaresima niliwafunga mabinti tisa. Nilifunga kwa bidii, fundo kiunoni, haya ingia, anayefuata. Sikusoma na mimi, sikatai. Nilikuja kuona wakati wa komunyo. Unajua kanga ikifungwa kiunoni maneno yake hukaa nyuma, na kwenye foleni ya komunyo macho ya anayefuata hayana pa kwenda. Rosemery, yule binti wa kwaya mwenye sauti ya kwanza, alikuwa ametangulia. Nyuma yake alikuwa mke wa Mwalimu Emanuel wa kwaya, ambaye sote tunajua anavyomchunga mumewe siku za mazoezi. Kanga ya Rosemery ilisema: KAMA NI WAKO MFUNGE KAMBA.

Mama wa watu alisoma. Akasoma tena. Akatoka kwenye foleni akarudi kwenye benchi bila komunyo, na Padre Amedeus akamsindikiza kwa macho ya huruma akidhani ana dhambi kubwa. Rosemery hakujua lolote. Alipokea, akageuka, akaanzisha wimbo wa shukrani kwa furaha zote, na ile furaha ndiyo iliyoharibu zaidi.

Kesho yake nilikwenda kwa Bibi Mwanamkasi na kikapu kichwani. Alisema hazirudishwi, zimeshafungwa na kuloa jasho. Alisema yeye mwenyewe alishangaa kanisa kununua kanga zile, maana hata wanawake wenye wake wenza walikuwa wakizishika na kuziachia, lakini alifikiri Wakatoliki huenda wana mambo yao ya Kwaresima, na si adabu kuuliza ibada ya mtu.

Nilidhani mabinti wataona aibu. Mama, Jumapili ya pili tisa wakawa kumi na saba! Walikuja mapema, kabla hata ya mpiga kengele, wote na suruali, wapate kuchagua. Fausta wa mtaa wa nyuma, wajina wako, ambaye tangu nimjue anavaa magauni ya kuburuza, alikuja na suruali ya mdogo wake akashindwa hata kupiga goti. Alitaka ile ya UMBEA HAUNA POSHO, kwa kuwa jirani yake hukaa benchi la tatu. Wawili waligombea NIMEPATA NANYAMAZA mpaka ikachanika pindo. Kanga zenyewe ni vipande kumi na viwili tu, kwa hiyo watano walikosa, wakalalamika kwamba kamati ina upendeleo. Niliwafunika kwa vitambaa vya meza vya sakristia.

Nilikwenda kulia kwa Jihan, binti wa Bibi Mwanamkasi, yule ambaye ulikuwa ukiniambia nimwige kwa sababu anajisitiri vizuri na hana makuu. Nilitegemea anipe pole. Jihan alicheka mpaka hijabu ikakaa upande, kisha akaniuliza kwa nini ninafanya kazi ile. Nikasema kulinda staha. Akasema baibui lake amelichagua mwenyewe akiwa na akili zake, analipenda na linampa raha, na hakuna aliyewahi kumsubiri mlangoni na kikapu. Akasema angesubiriwa, siku hiyohiyo angekuja na kaptula. Halafu akaongeza kwamba chini ya baibui huwa amevaa suruali, na mama yangu hajawahi kuuliza. Nilikasirika, Mama. Nilirudi nyumbani nimenuna.

Sasa nije kwenye sketi.

Nilitii. Wiki mbili nzima nilizunguka Michenga kwa ile sketi ya marinda uliyonishonea. Mtu anayeendesha pikipiki kwa sketi ana kazi tatu: kushika usukani, kukwepa madimbwi, na kushusha sketi. Upepo ukija mikono haitoshi. Magoti yangu yameonwa na watu wengi zaidi katika wiki mbili hizo kuliko katika miaka yangu ishirini na minne. Watoto wa shule walikuwa wakinipungia mkono, na mimi kwa adabu siwezi kupunga, maana mkono wa kupunga ndio ulioshika marinda.

Siku ya Alhamisi nilikuwa na kikundi cha wakulima kumi na watano, wake kwa waume, wananingoja niwaonyeshe nafasi ya kupandikizia. Nilipokaribia, mnyororo wa pikipiki ukakamata pindo. Ukaanza kula sketi pole pole, rinda moja moja. Nilizima pikipiki, nikaanguka nayo kwenye tope, kifudifudi, nimebaki na taiti, na sketi iko ndani ya mashine.

Mwenyekiti wa kikundi ni Mzee Shilinde, Msukuma mmoja mtulivu aliyehamia huku na ng'ombe zake miaka mingi iliyopita. Aliwaamuru wanaume wote wageuke watazame ng'ombe. Waligeuka. Kisha akaja na mundu kuikata sketi nitoke kwenye mnyororo, na kwa kuwa yeye pia ni mwanamume, alikata huku ametazama pembeni. Mundu ulipita karibu na goti langu mara mbili. Ilibidi nimwombe apunguze heshima kidogo atazame anachokata.

Mkewe, Mama Sayi, akaniambia mayu, yaani mama kwa Kisukuma chao, usilie, akafungua kanga yake akanipa. Ndipo nikaona kwamba chini ya kanga Mama Sayi alikuwa amevaa suruali ya mumewe, imefungwa kwa kamba ya katani. Nikatazama akina mama wengine. Wote, Mama! Wote walikuwa na suruali chini ya kanga, kwa ajili ya ruba na nyasi za kukata. Mama Sayi alinishangaa kwa kushangaa kwangu. Alisema mtu mwenye akili haingii kwenye jaruba na miguu mitupu.

Nikiwa pale kwenye tope nilikukumbuka wewe na ile suruali ya kaki ya Baba unayovaa tukienda kupalilia. Unaivaa tangu nikiwa mtoto. Tukimaliza, tukikaribia barabara, unafunga kanga juu yake, na sisi wote tunaendelea kama vile haipo. Sisemi kwa ubaya. Nasema tu kwamba niliikumbuka.

Kesho yake nilinunua suruali dukani kwa kina Jihan. Ni pana, ya kitambaa kigumu, rangi ya udongo, haibani popote. Tangu niivae hakuna mtu wa Michenga aliyeona goti langu tena. Na ina mifuko sita. Mama, mifuko! Mmoja wa simu, mmoja wa funguo, mmoja wa daftari, mmoja wa mbegu za mfano, mmoja wa karanga, na wa sita sijapata cha kuweka ila nafurahi kwamba upo. Maisha yangu yote nimefunga hela kwenye pindo la kanga na kushika simu mkononi, kumbe wanaume walikuwa na kitu hiki wamenyamaza. Baba aliponiona aliizunguka suruali mara moja, akauliza kama mfuko wa simu una zipu, akasema yeye mambo ya kamati hayamhusu. Tangu siku hiyo ananiuliza kama zipo za saizi yake.

Hilo ni kosa langu la kwanza. Pumua kidogo Mama, kunywa maji, maana bado.

Usiku wa kuamkia Jumapili ya tatu mvua ilinyesha isivyo kawaida, na alfajiri Mzee Shilinde alinipigia kwamba maji yanaingia kwenye kitalu cha mbegu. Nilikwenda, tukafungua mifereji, tukaokoa robo tatu ya kitalu. Nilirudi mbio nikaingia uwanja wa kanisa misa imeanza, na suruali yangu, na tope mpaka kiunoni. Kikapu alikuwa amekishika Mama Stanislaus. Alinitazama juu mpaka chini. Sikumlaumu, sheria ni ile uliyoiweka wewe na niliyoisimamia mimi. Ilikuwa imebaki kanga moja. Akanifunga mwenyewe, akakaza fundo kama anafunga gunia, akaniambia ingia.

Iliandikwa USINICHUNGUZE JICHUNGUZE. Nilitembea kutoka mlangoni hadi benchi letu la mbele, na nilisikia watu wakisoma. Mtu akisoma mgongo wako unasikia, Mama, hata asipofungua mdomo. Nilikuwa nimetoka kuokoa mbegu ya watu kumi na watano, na pale hakuna aliyeniona mimi, waliona kiuno kilichofungwa. Sikusikia neno hata moja la mahubiri. Niliwafikiria wale tisa wa kwanza, niliowafunga bila hata kuwauliza wametoka wapi. Niliona haya, na haya yenyewe haikuhusu suruali.

Wiki hiyo mke wa Mwalimu Emanuel alipeleka malalamiko, na Padre Amedeus akaitisha mkutano. Ulifanyika Jumapili iliyopita baada ya misa. Padre alisema amechoka kusoma vijembe huku ameshika komunyo. Akasema kamati ichaguliwe upya, na kwamba haki haitimii kama wanaofunga ndio wanaopiga kura na wanaofungwa hawapo, kwa hiyo kila mwanamke aliyewahi kufungwa kanga Kwaresima hii naye ni mjumbe. Mama Stanislaus alipinga, akina mama wakapinga, lakini unajua Padre akishavaa kofia yake mkutano umeisha. Tulikuwa wanawake ishirini na saba.

Mama Stanislaus alisimama akakupendekeza wewe. Alikusemea vizuri mpaka akatoa kitambaa kujifuta machozi. Alisema bila wewe kigango kisingekuwa na mlango, na kwamba hata yeye ulishawahi kumfunga mwaka fulani, akakushukuru. Nakuambia ili ujue kwamba rafiki yako hakukuacha hata dakika moja. Halafu Rosemery akasimama akataja jina langu.

Nilisimama ili nikatae. Hiyo ndiyo kweli tupu. Nilisimama, nikafungua mdomo, nikajisikia nasema kwamba kikapu kikae pale pale mlangoni, anayetaka kanga achukue, asiyetaka aulizwe habari za nyumbani aingie. Nikakaa. Mabinti wakapiga vigelegele mpaka mbuzi wa katekista akakata kamba.

Tulipiga kura za siri, kwa vikaratasi. Katekista akahesabu mara mbili. Wewe kura kumi na tatu, mimi kumi na nne. Kwa hiyo Mama, mwenyekiti mpya wa Kamati ya Staha ni mimi mwanao, nikiwa nimevaa suruali. Wewe ni makamu, maana Padre alisema anayefuatia ndiye makamu, na Mama Stanislaus kakuachia nafasi yake kwa moyo mmoja.

Jana yalikuwa mazoezi ya kwaya, nikakiweka kikapu mlangoni peke yake kwa majaribio. Rosemery alikuja na gauni refu. Nilimuuliza kulikoni, akasema suruali ilikuwa inambana sana, alikuwa anaivaa kwa ajili ya kanga tu.

Baada ya uchaguzi Mama Stanislaus alinishika mkono akanifariji. Aliniambia nisijisikie vibaya, ni wale mabinti wamefanya, na kwamba yeye anajua mimi nilikupigia wewe, kwa kuwa mtoto hawezi kumwangusha mama yake. Nimenyamaza Jumapili, Jumatatu na Jumanne. Leo mchana nilikwenda kuungama. Padre alinisikiliza mpaka mwisho, akasema hiyo si dhambi, ni uchaguzi, na kama inanikereketa nikuambie wewe, maana yeye kwa jambo hilo hana mamlaka ya kuniondolea.

Mama, sikukupigia kura. Nilishika kalamu muda mrefu kuliko wote, hadi katekista akakohoa. Nilitaka kuandika Fausta binti Alphonce, kwa sababu nakupenda, na kwa sababu najua ulianzisha kikapu kile kutulinda, mwaka ule watu wa sokoni walipomzomea binti mpaka akakimbilia kanisani. Sijasahau kwamba ni wewe uliyemfungulia mlango na kumfunga kanga yako. Lakini nikafikiri kwamba Jumapili inayofuata itabidi nisimame pale nimfunge mwingine ajisikie nilivyojisikia, na nikaona sitaweza. Nikaandika jina langu. Tofauti ilikuwa kura moja. Ningeandika lako, mpaka sasa ungekuwa mwenyekiti.

Kura ni siri, ningeweza kukaa nayo mpaka uzee. Ila sitaki unipokee na kunisifu kwa kitu ambacho sikufanya. Naogopa sana, Mama. Naogopa utanyamaza, maana ukinigombeza nazoea, ukinyamaza siwezi kula.

Jumamosi utakapokuja nitakuwa stendi na pikipiki. Baba amesema nikukodishie bajaji, umri wako na hasira zako vinahitaji paa. Nitakuja na vyote viwili. Bajaji itakuwa upande wa kulia, mimi nitakuwa kushoto na ile suruali yangu. Panda utakachopenda, sitasema neno. Kofia ya pili ya pikipiki nimeinunua, kama itahitajika.

Baba anakusalimu sana na anauliza sweta alifue kwa maji gani. Jihan na mama yake wanakusalimu. Mama Sayi, ambaye hamjaonana, anakusalimu pia na anasema kuna mchele wako. Mwambie Mama Mkubwa awaonee huruma kuku. Mungu akulinde barabarani, na kiti cha kosta uchague cha nyuma ya dereva, huko kwingine kunarusha.

Mwanao anayekupenda, na ambaye hakukupigia kura,

Dorika